Jinsi ya Kulichambua Bango la Filamu ya Kutisha: Mwongozo Kamili

Bango la filamu ya kutisha lina kazi ngumu. Linatakiwa likutie hofu mchana kweupe, barabarani, huku una haraka zako. Halina muziki wala giza la ukumbi, na halipewi dakika tisini za kukuandaa. Lina karatasi tu, na pengine sekunde mbili za jicho lako. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuelewa usanifu wa picha atajifunza mengi hapa kuliko kwenye tangazo la sabuni.

Nawaandikia hasa vijana wa Lamu na Malindi wanaopiga filamu fupi kwa simu na kamera za kuazima, kisha wakifika kwenye bango wanabandika uso wenye damu na kuridhika. Msimamo wangu nautoa mapema: hofu ya bango zuri hukaa kwenye kile ambacho msanii amekuachia ukimalizie mwenyewe kichwani. Kuchambua ni kutafuta alama za mkono wake: wapi amekuonyesha, wapi amekunyima, na jicho lako amelipitisha njia gani.

Kabla hujaanza

Tafuta nakala kubwa na safi. Picha iliyopita kwenye makundi matano ya WhatsApp haifai, maana herufi za chini huwa zimevurugika na rangi zimeshabadilika. Ukiweza, ichapishe kwa A3, yaani sentimita 29.7 kwa 42. Uwe na penseli, rula, karatasi nyembamba ya kunakilia inayoonyesha kilicho chini yake, na simu.

Hakikisha pia unajua ni toleo gani uliloshika. Filamu moja huweza kuwa na mabango kadhaa: la nchi ilikotoka, la nchi nyingine, la kuadhimisha miaka kadhaa baadaye. Andika mwaka, nchi na jina la msanii kama linajulikana. Watu wengi huruka hapa, halafu wanasifu uamuzi wa mtu ambaye hakuuamua.

Hatua ya 1: Tazama, kisha lifunike

Litazame bango kwa sekunde tatu, ulifunike, uandike kilichobaki kichwani. Usijisahihishe. Kama kimebaki kitu kimoja tu, hicho ndicho kitovu cha bango. Kama vimebaki vitano vinavyogombana, msanii alishindwa kuamua. Karatasi hii itunze. Utaihitaji mwishoni kupima kama uchambuzi wako unaeleza kile ulichohisi kweli, au umejitungia hisia mpya ukiwa unaandika.

Hatua ya 2: Orodhesha kabla ya kufasiri

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na bila hiyo zote zinazofuata ni maneno matupu. Andika kila kinachoonekana kama unayemsimulia mtu kwa simu. "Mwanamke mwenye huzuni" tayari ni tafsiri. "Mwanamke, macho yameelekea chini, mdomo umefungwa, nusu ya uso iko kwenye kivuli" ndiyo orodha. Taja ukubwa wa kila kitu ukilinganisha na ukurasa: kichwa kimechukua robo, maandishi yako kwenye ukanda mwembamba wa chini, sehemu kubwa ni tupu.

Utupu nao uandike. Nafasi isiyo na kitu ni kitu, tena katika filamu za kutisha mara nyingi ndiyo nyenzo kuu.

Hatua ya 3: Fuata njia ya jicho

Weka karatasi ya kunakilia juu ya bango. Gawa urefu sehemu tatu na upana sehemu tatu, kisha chora mistari mikuu tu: ukingo wa mwili, mstari wa upeo wa macho, mwelekeo wa mkono, mahali mtu anapotazama. Usichore sura. Ukiinua karatasi utaona mifupa ya bango, na mifupa ndiyo inayolisukuma jicho.

Tuchukue bango la *Jaws*, la mwaka 1975. Picha ile ilichorwa na Roger Kastel, awali kwa ajili ya jalada la riwaya, kisha ikaingia kwenye bango la filamu. Juu kabisa kuna jina kwa herufi nene nyekundu. Chini yake kuna mwanamke anaogelea juu ya maji, mdogo. Chini zaidi, papa mkubwa kupita kiasi ameinua kichwa wima, mdomo wazi, meno yanaonekana.

Angalia mifupa. Mwogeleaji ni mstari mlalo, papa ni mstari wima. Mistari hiyo miwili haijakutana bado, lakini papa anapoelekea ni palepale alipo yule mwanamke, na jicho lako linamaliza safari hiyo kabla yake. Kichwa cha papa ni pembetatu iliyochongoka kuelekea juu, kwa hiyo ukianzia popote chini unapandishwa. Ukianzia kwenye jina unateremka, unamkuta mwogeleaji, kisha unaona kilicho chini yake. Njia zote mbili zinakufikisha kwenye nafasi ya maji iliyobaki katikati yao. Hofu yote iko kwenye nafasi hiyo ndogo. Izibe kwa kidole uone bango linavyopoa.

Lakini kuna jambo ambalo mimi sikuliona mpaka nilipomwonyesha picha hiyo mzee mmoja mvuvi wa Shela. Nilimuuliza, "Ami, umeona nini kwanza?" Nilidhani atasema meno. Akasema, "Maji. Hayana chini." Na ni kweli: hakuna mwamba, hakuna mchanga, na mkia wa papa hauonekani. Mwili wake unapotelea chini, hatujui unaishia wapi. Mtu anayeishi kwa kupima kina alisoma hofu kwenye kina. Ndiyo maana nashauri kila mara umwonyeshe bango mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu usanifu, na umwachie aseme bila kumsaidia.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni jepesi: pindua bango juu chini. Sura zikipoteza maana, uzito wa maumbo hujitokeza. Utajua mara moja kama bango limelalia upande mmoja, na kama kulalia huko kumekusudiwa.

Hatua ya 4: Mwanga unatoka wapi?

Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, kisha finya macho mpaka ibaki mabaka matatu au manne tu. Jiulize: baka jeupe kuliko yote ni lipi, na mwanga wake unatoka upande gani?

Tumezoea kwamba mwanga ni salama na giza ni hatari. Bango linalofuata kanuni hiyo ni la kawaida. Linaloipindua hukaa kichwani miaka. Mfano wake ni bango la *The Exorcist*, filamu ya mtoto aliyepagawa na pepo, la 1973, lililosanifiwa na Bill Gold. Mwanamume mwenye kofia na mkoba amesimama nje ya nyumba usiku, chini ya taa ya barabarani, naye ni kivuli kitupu. Kutoka dirisha la juu unashuka mwanga mkali mpaka aliposimama. Hakuna jini, hakuna damu, hakuna uso wa mtoto. Lakini mwanga wenyewe unatoka kwenye chumba chenye balaa, na mtu huyu amekuja kuingia humo. Mwongozaji William Friedkin aliichukua fikra ya mandhari hiyo kutoka picha za mchoraji René Magritte zinazoonyesha nyumba iliyo katika usiku chini ya mbingu ya mchana. Habari ya namna hii ina maana katika uchambuzi, kwa sababu inaeleza kwa nini mwanga ule unaonekana kama haukustahili kuwa pale.

Mwanga unaomulika uso kutoka chini nao uutazame kwa makini. Jua hutumulika kutoka juu, hivyo vivuli vilivyopinduka huufanya uso wa mtu wa kawaida usiaminike. Mtoto yeyote aliyewahi kuweka tochi chini ya kidevu umeme ulipokatika anajua.

Hatua ya 5: Rangi, na rangi kwa nani

Hesabu rangi kuu. Zikizidi tatu, uliza kwa nini. Kisha tafuta ile moja iliyo peke yake, isiyofanana na wenzake, maana mara nyingi ndiyo inayobeba ujumbe.

Usijifunge kwenye nyeusi na nyekundu. Bango la *The Shining* la mwaka 1980, kazi ya Saul Bass, lina manjano kali, na ndani ya herufi za jina kuna uso uliotengenezwa kwa vidoti. Manjano hayo hayana giza lolote, na bado yanakera, yanakuzuia kupumzika. Bango la *Rosemary's Baby*, la 1968, limezamisha uso wa mwanamke ndani ya kijani, na mbele yake kuna kivuli cheusi cha kigari cha mtoto mchanga juu ya mawe. Kijani hicho kwa Mmarekani kinaleta ugonjwa na sumu.

Sasa lilete bango hilohilo Lamu. Kijani kwetu ni rangi ya heshima, ya dini. Nyeupe, ambayo kwingine ni usafi wa bibi harusi, kwetu ni kanzu ya Ijumaa na pia ni sanda, kwa hiyo kitambaa cheupe kilichokunjwa vibaya kwenye bango kinaweza kutisha kuliko kisu. Nyekundu, nyeupe na nyeusi zikikaa pamoja kama vitambaa, mtu wa Malindi aliyekulia karibu na waganga wa pepo ataona zaidi ya mapambo. Unapochambua andika mambo mawili mbalimbali: rangi hii ilimaanisha nini kwa waliolengwa, na inamaanisha nini kwako. Usiyachanganye.

Kwa anayechambua ili aje atengeneze lake, kuna suala la jua. Wino wa bei nafuu ukikaa kwenye jua la pwani, nyekundu na manjano huanza kufa mapema, na bango linabaki la samawati iliyopauka. Bango ambalo hofu yake yote ni damu nyekundu halitamaliza muda wake ukutani. Ile picha ya nyeusi na nyeupe uliyoifanya kwenye simu inakuonyesha mapema litakavyokuwa: kama bado linatisha bila rangi, litadumu.

Hatua ya 6: Herufi na maneno

Funika picha, uache jina la filamu tu. Je, herufi peke yake zinasema ni filamu ya aina gani? Tazama unene, umbali kati ya herufi, na kama kingo ni laini au zimechanika. Herufi zinazochuruzika damu zimeshachoka. Zinatangaza hofu badala ya kuileta. Kwenye bango la *Alien*, la 1979, herufi za jina zimeachana mno, kila moja iko peke yake gizani. Upweke wa filamu umeshaanza kwenye nafasi kati ya herufi.

Bango hilo pia lina kaulimbiu ambayo kwa Kiswahili ningeiweka hivi: angani hakuna atakayekusikia ukipiga ukelele. Picha inaonyesha yai lenye ufa, na mwanga wa kijani unavuja. Picha haisemi ni yai la nini. Maneno hayataji yai. Kila upande unajua jambo ambalo mwingine haujui, na wewe ndiye unayeunganisha. Hicho ndicho kipimo cha kaulimbiu: ukiona maneno yanarudia kilichochorwa, moja kati ya hivyo viwili halina kazi.

Maandishi madogo ya chini yasome haraka: majina, kampuni, mwaka. Kwa filamu zinazoonyeshwa Kenya tafuta pia daraja la Bodi ya Kuainisha Filamu: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Bango hupita machoni pa watoto hata kama filamu yenyewe hawataruhusiwa kuiona, na msanii anayelikumbuka hilo hulazimika kutisha kwa akili.

Hatua ya 7: Tafuta kilichofichwa

Hapa sogea karibu kabisa, hata kwa kioo cha kukuzia. Bango la *The Silence of the Lambs*, la 1991, linaonyesha uso wa mwanamke mweupe kama karatasi, na nondo amemfunika mdomo. Mgongoni mwa nondo kuna fuvu. Ukikaribia, fuvu hilo limeundwa kwa miili ya wanawake, kutoka picha ya mwaka 1951 ya mpiga picha Philippe Halsman na mchoraji Salvador Dalí. Wapita njia wengi hawakuiona kamwe. Aliyeiona hakuweza tena kulitazama bango kama mwanzo.

Ili uzoee kufikiri hivi, fanya zoezi la bango la kubuni. Pwani nzima inajua masimulizi ya mwanamke mzuri ajabu anayekutana na mtu usiku, na mtu akitazama chini anaona kwato za punda. Chukulia tunatengeneza bango la kisa hicho. Tukiweka kwato katikati, kubwa, zenye mwanga, tumemaliza kisa kabla hakijaanza. Tukimweka mwanamke amesimama mbali kwenye mchanga, maji yakiwa yametoka, na kutoka miguuni pake mstari wa nyayo kuja mpaka mbele ya bango, jicho litaenda usoni kwake kwanza, kisha litafuata nyayo likirudi chini. Nyayo za mbali ni vidoti tu. Za karibu, kwenye kona ya chini, zina umbo. Mtazamaji anagundua mwenyewe, tena akiwa amechelewa, kwa sababu nyayo zimekuja mpaka aliposimama yeye.

Mtu wa Malindi hahitaji kaulimbiu hapo. Mgeni ataona nyayo za mnyama na kushangaa. Bango moja, hofu mbili, na mchambuzi mwaminifu anasema ni ipi anayoizungumzia.

Hatua ya 8: Nani amefanywa wa kutisha?

Swali hili naliona la lazima, ingawa miongozo mingi hailigusi. Hofu kwenye bango hupewa mwili, na mwili huo ni wa mtu wa aina fulani. Kama ni mzee, mlemavu, mtu mwenye makovu ya moto au mwenye ualbino, uliza kama filamu ina sababu yoyote, au msanii amechukua sura ya mwenzake kwa kuwa ni rahisi. Afrika Mashariki watu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa imani za ushirikina. Bango linaloifanya ngozi yao kuwa alama ya uchawi haliwezi kujitetea kwamba ni sanaa tu.

Vivyo hivyo buibui. Nimeona vijana wakimvisha mwanamke buibui, wakamsimamisha kwenye magofu ya Gede, wakadhani kazi imekwisha. Hilo ni vazi la mama zetu na dada zetu. Likitisha, basi liwe limetisha kwa kitu kilichokosewa ndani yake: mkunjo usiofuata mwili, kivuli kinachoelekea upande mwingine, pindo lisiloguswa na upepo wakati minazi yote imeinama. Uchambuzi wako uonyeshe tofauti hiyo kwa kidole, pale ilipo kwenye picha.

Hatua ya 9: Lilibandikwa wapi?

Bango la kawaida la sinema Marekani ni inchi 27 kwa 40, limesimama wima. Kabla ya katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa inchi 27 kwa 41. Uingereza walizoea la kulala, inchi 30 kwa 40. Picha ileile ikilazwa hupata uwanja wa pembeni na hupoteza kina, kwa hiyo papa wetu wa wima angepata shida kubwa huko.

Ghana, miaka ya 1980, wenye video walizunguka na jenereta, televisheni na kanda, na wachoraji wao walichora mabango kwa mkono kwenye magunia ya unga yaliyofumuliwa. Mengine yalichorwa na watu ambao filamu hawakuiona, na yalijaa mambo yasiyokuwemo. Anayeyapima kwa kanuni ya kuficha atayaona yamezidisha. Lakini yalibandikwa nje, kwenye vumbi na kelele za soko, na watu walitakiwa walipe jioni ileile. Kwa mahali pale yalikuwa sahihi, na nayapenda kwa ujasiri wake.

Kwetu pia mahali ni hukumu. Kwenye barabara ya Lamu mjini Malindi, bango linaonwa na abiria wa tuktuk kwa mbali, kwa muda mfupi: umbo moja kubwa, jina, basi. Ndani ya vichochoro vya Lamu kuta ziko karibu mno, mtu hulipita bango kwa umbali wa mkono, tena kwa ubavu. Hapo maelezo madogo yana nafasi, na kitu kilichowekwa kwenye ukingo kinaonwa kabla ya kilicho katikati. Halafu kuna chokaa. Bango lenye mandhari meupe kwenye ukuta mweupe linapotea. Lenye mandhari meusi linakaa ukutani kama mlango ulioachwa wazi, na hapo ukuta wenyewe umeshamsaidia msanii.

Hatua ya 10: Andika

Anza na dai moja, usianze na wasifu wa filamu. Kisha kila sentensi ya hisia ifuatwe na kitu kinachoonekana. Ukiandika "bango linaleta upweke", mstari unaofuata useme upweke huo uko wapi: kwenye nafasi, kwenye ukubwa, kwenye mwelekeo wa macho. Usipoweza kuuonyesha, ufute.

Aya moja inaweza kwenda hivi: "Bango la *Halloween*, la 1978, linategemea umbo moja lililogeuka umbo jingine. Mifereji ya boga inaendelea mpaka ikawa vidole vilivyoshika kisu, kwa hiyo hakuna mahali unapoweza kusema hapa sherehe ya kuchonga maboga imeishia na hapa mauaji yameanza. Mandhari meusi yameondoa nyumba na mtaa, na muuaji hana uso. Kilichobaki ni kitu ambacho watoto hukichonga kwa furaha, nacho kimeshika silaha."

Aya ile haina neno "linatisha". Ukimaliza yako, tafuta neno hilo na ndugu zake wote, uyaondoe, usome tena. Kisha chukua ile karatasi ya sekunde tatu uilinganishe. Kama kilichokuganda kichwani siku ya kwanza hakimo kwenye uchambuzi wako, rudi hatua ya tatu na uchore mistari upya.